AJALI INA KINGA

Maneno kwa wakulima wa Tabora, Urambo, Sikonge na pande zote za Unyamwezi

Ndugu mkulima,

Kuna msemo ambao hutamkwa upesi kila mtu aumiapo shambani: "Ajali haina kinga." Anayeusema hutaka kumfariji aliyeumia, wala hapana ubaya katika nia yake. Lakini ubaya umo katika msemo wenyewe ukisha zoeleka, kwa kuwa hufunga mlango wa kuuliza. Mtu amekatwa na jembe mguuni, twasema ajali haina kinga, hatuulizi mpini ulikuwa umelegea tangu lini. Mtoto amekunywa kitu kilichokuwa katika chupa ya soda, twalia, twamzika, twasema ajali haina kinga, wala hatuulizi ni nani aliyekitia kitu kile katika chupa ile. Wahenga wale wale waliotuachia msemo huo walituachia na mwingine, "Tahadhari kabla ya hatari," ila huo wa pili hausikiki sana matangani.

Karatasi hii yahusu kazi ya shamba na namna inavyowaumiza watu. Shirika la Kazi Duniani huhesabu kilimo pamoja na ujenzi na machimbo kuwa kazi tatu zenye hatari kuliko zote. Labda utastaajabu. Machimboni mtu aona shimo, na juu ya nyumba aona urefu wa kuanguka. Shambani haoni kitu ila majani mabichi na mvua nzuri ya Mungu. Kwa sababu hiyo mchimbaji huogopa, na mkulima haogopi.

Basi kabla ya kusema habari za majani na sumu, natusemezane kwanza juu ya uanaume, kwa maana hapo ndipo penye mzizi.

Nchi yetu ilipata sifa kwa miguu na mabega. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, waliikuta njia iliyokwisha kanyagwa zamani na babu zetu, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, pamoja na chakula chake na kitanda chake, akaenda nao mwendo wa miezi mitatu, pengine zaidi. Kijana asiyepata kufika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Watoto wenyewe walifuata msafara na vipembe vidogo vya ndovu mabegani, wapate kujizoeza. Sifa hiyo twaipenda, nami naipenda pia. Hata leo kijana akimwona mwenzake amevaa mipira ya mikono wakati wa kuchuma tumbaku, humcheka na kumwuliza kama amekuwa bibi harusi.

Lakini wanaowataja wapagazi ili kuwacheka wenye tahadhari hawakusikiliza habari yote. Wapagazi wale walikuwa na desturi zao zilizo imara. Palikuwa na uzito ulio haki na uzito usio haki, na palikuwa na mwendo wa siku uliojulikana. Mwenye msafara akizidisha mzigo au akizidisha mwendo, wapagazi walikaa chini. Naye akishika ukaidi, aliamka asubuhi akaona mizigo imelala pale pale na watu hawapo. Tena hapana mpagazi aliyejiendea peke yake porini. Walifuata kirangozi aliyetangulia mbele na bendera, nao walipumzika pamoja na kuondoka pamoja. Hao walikuwa wanaume kweli, na mbele ya kuinua mzigo waliupima. Sisi wajukuu wao tumerithi kuinua, lakini kupima tumekusahau.

Sasa natuingie shambani.

Zao la fedha la nchi hii kwa muda mrefu limekuwa tumbaku. Mwaka 1947 Waingereza walileta Urambo mpango mkubwa wa karanga, wakafyeka pori kwa mitambo. Mpango ukafa mwaka 1951, na ardhi iliyokwisha fyekwa ikapata mgeni mwingine, naye ni tumbaku ya mvuke. Tangu hapo tumbaku imejenga nyumba za bati na kulipa karo za shule, nayo imeleta madeni pia. Lakini habari ya madeni nitaiacha, maana ni karatasi nyingine.

Wewe mkulima wa tumbaku waijua siku hii. Ni mwezi wa Februari. Mvua imenyesha usiku kucha, na majani ya chini yameiva, yakikawia yataharibika. Unaondoka alfajiri pamoja na mkeo na watoto wawili wakubwa. Mnachuma, na kila jani lina maji. Majani mnayakumbatia kwapani na kifuani, hata saa tatu nguo zimelowa mpaka mwilini kana kwamba mmevuka mto. Jioni mtoto mmoja asema kichwa chauma. Usiku atapika. Asubuhi amepauka, hana nguvu, tumbo lamkata, na dunia yamzunguka. Unasema ni malaria. Unampeleka zahanati, anapimwa, na kipimo hakionyeshi malaria. Hapo jirani aanza kunong'ona juu ya mkono wa mtu.

Ndugu yangu, hapana mkono wa mtu. Ndani ya jani la tumbaku mna sumu iitwayo nikotini, ndiyo hiyo impayo mvutaji ulevi wake. Sumu hiyo huyeyuka katika maji. Umande au mvua ikilala juu ya jani, huinyonya. Na maji hayo yakigusa ngozi yako, sumu hupenya ngozi na kuingia katika damu, ingawa hukuvuta hata sigara moja maisha yako yote. Madaktari wa Florida huko Marekani waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970, nao baadaye ukaitwa ugonjwa wa tumbaku mbichi. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma, kupauka, udhaifu wa mwili wote, na pengine moyo kwenda mbio au kupumua kwa shida. Huanza saa chache baada ya kazi, na mara nyingi usiku, ndiyo sababu mtu haufananishi na kazi aliyoifanya asubuhi. Kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili, au tatu. Lakini yule aliyepona Jumatano hurudi shambani Alhamisi, akalowa tena.

Aliyezoea kuvuta sigara hupata taabu kidogo kuliko asiyevuta, kwa kuwa mwili wake umekwisha zoeshwa sumu ile ile. Basi usimpime mkeo na mwanao kwa kipimo chako wewe mvutaji, ukasema, "Mbona mimi siumwi? Hawa ni wavivu." Mtoto ana mwili mdogo na ngozi laini, kipimo cha sumu kisichokutikisa wewe chaweza kumwangusha yeye. Nimekwisha kuwasikia wazazi wengi wakisema kwamba mtoto fulani "hapendi kazi, kila siku ya kuchuma huugua." Neno hilo ni ushuhuda kamili, ila msemaji hakujua kwamba ametoa ushuhuda.

Kinga yake ipi? Ya kwanza haina bei: ngoja majani yakauke. Jua likipanda na umande ukiondoka, ndipo uingie. Najua utajibu kwamba mwezi wa Februari jua halitoki kila siku, na tumbaku haimngoji mtu. Kweli. Siku ya namna hiyo vaa kitu kisichopitisha maji, kifuani na mikononi. Koti la mvua likiwapo, vema. Lisipokuwapo, mfuko wa nailoni uliotumika kwa mbolea hauwezi kufaa kama haukuoshwa sana, bali karatasi ya nailoni mpya ya dukani, iliyokatwa matundu ya kichwa na mikono, yafaa. Mikononi vaa mipira. Usiyakumbatie majani, yapange katika kikapu au juu ya machela. Nguo ikilowa, ibadili saa ile ile, usingoje jioni, maana nguo iliyolowa maji ya tumbaku ni kama kitambaa cha dawa kilichofungwa juu ya ngozi. Ukitoka shambani oga kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto mchanga. Mwenye mimba na mwenye umri chini ya miaka 18 wasichume kabisa tumbaku iliyolowa. Hilo la watoto si shauri langu tu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumtia mtu wa chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema vivyo hivyo. Mtoto aliye nje ya shule kwa ajili ya tumbaku ana hasara mbili kwa mpigo.

Utasema tena, "Vitu hivyo vyote ni fedha." Hapa sitabishana nawe, kwa kuwa mwenye deni la mbolea hawezi kuambiwa maneno mepesi. Lakini tazama jambo moja. Mbolea, mbegu na dawa huja kwako kwa mkopo kupitia chama chako cha msingi. Orodha ya pembejeo huandikwa kabla ya msimu. Je, umepata kuuliza katika mkutano wa chama kama mipira ya mikono na makoti yamo katika orodha hiyo? Kampuni inunuayo tumbaku yako yaijua sana hatari hii, na wanunuzi wao wa ng'ambo huwauliza habari za wakulima na watoto. Simama mkutanoni, uliza, na jibu liandikwe katika kitabu cha mkutano. Kuuliza hakukatwi katika malipo.

Sasa nakuja kwa neno "dawa".

Lugha yetu ni tamu, lakini hapa imetutega. Kidonge cha malaria twakiita dawa. Kitu kiuacho viwavi vya pamba na wadudu wa tumbaku twakiita dawa pia. Basi mkulima anaposikia dawa, moyo wake hutulia, kwa maana dawa ni kitu cha kuponya. Atakichanganya kwa mkono mtupu, kama mama akorogavyo uji. Atapuliza pua ya bomba kwa mdomo ikiziba. Wakubwa wa kazi wametutengenezea neno "kiuatilifu", nalo ni neno safi, lakini mimi sijamsikia mtu akiingia dukani akaliomba kwa jina hilo. Mimi huwaambia wakulima wangu waseme "sumu", hata nyumbani mbele ya watoto. Mama akisema, "Usiguse, hiyo ni sumu ya baba," mtoto huelewa. Akisema, "Hiyo ni dawa ya baba," mtoto mwenye mafua aweza kujitibu.

Kila chombo cha sumu iliyosajiliwa kina kibandiko, na chini ya kibandiko pana utepe wa rangi. Nyekundu maana yake ni sumu kali sana, njano hufuata, kisha buluu, kisha kijani. Hata asiyejua kusoma aweza kujua rangi. Lakini rangi ya kijani haina maana ya kwamba waweza kunywa! Mtu mmoja alinijibu hivyo kwa mzaha, nami nimeona heri niliandike. Nunua sumu katika chombo chake kilichofungwa, kwa muuzaji mwenye kibali. Ile ipimwayo kwa kizibo na kutiwa katika chupa ya maji au ya soda haina kibandiko, haina rangi, haina jina, na mganga hospitalini hatajua akutibu nini.

Siku ya kupuliza, chagua asubuhi au jioni wakati upepo umetulia, nawe utembee upepo ukiwa nyuma yako au ubavuni, usiuelekee. Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu iliyotoka nje ya mabuti wala si iliyochomekwa ndani, mipira ya mikono, miwani, na kitu cha kufunika pua na mdomo. Nakiri kwamba mavazi kamili katika joto la Tabora ni adhabu. Ndiyo maana nasema asubuhi. Na kama huwezi kupata vyote, usiache mipira ya mikono wakati wa kuchanganya, kwa kuwa pale sumu bado haijatiwa maji, na tone moja la chomboni lina nguvu kuliko bomba zima. Pua ikiziba, izibue kwa unyasi au kwa maji. Usile, usivute, usitafune muwa ukipuliza. Wapulizao wakimaliza, nguo zao zifuliwe mbali na nguo za nyumbani, na afuaye avae mipira. Mara nyingi afuaye ni mama, naye ndiye hupata sumu bila kukanyaga shamba siku ile.

Kuna desturi ambayo imeenea mno, nayo ni kunywa maziwa kabla au baada ya kupuliza, ati yanakata sumu. Hayakati. Maziwa ni chakula chema, yanywe kwa kuwa ni chakula. Lakini yule anayeyategemea huenda akaacha mipira nyumbani kwa sababu ana kikombe cha maziwa, na hapo maziwa yamekuwa adui.

Chombo kitupu kisafishwe mara tatu kwa maji, na maji hayo yamiminwe ndani ya bomba, yakapulizwe shambani pamoja na mengine. Kisha kitoboe matundu, kisipate kuchotea maji, wala kutiwa mafuta ya taa, wala kuwekewa chumvi. Usikichome moto jikoni, maana moshi wake ni sumu. Kirudishe kwa chama chako au kwa muuzaji kama wanapokea. Nimeona galoni ya sumu ikitumiwa kupelekea togwa kwa watu walio kazini. Aliyeileta aliniambia ameiosha kwa majivu. Plastiki, ndugu yangu, hunyonya. Majivu hayaingii ndani yake.

Bani la kukaushia ni jambo la tatu. Humo watu huanguka kutoka juu wapangapo fito, kwa kuwa miti ya kukanyagia huwa mibichi, imelowa, au imeliwa na mchwa. Ijaribu miti kila msimu kabla ya kupanda, na anayepokea fito chini asisimame chini ya anayepanga. Jani likianguka juu ya bomba la joto, bani huungua na kazi ya mwaka mzima huenda na moto. Weka wavu wa waya juu ya bomba. Na kuhusu kulinda moto usiku: kazi hii hupewa vijana, nao kwa baridi husogea mpaka mlangoni pa tanuru, wakasinzia. Wekeni zamu. Tena mtu asilale ndani ya bani wala katika chumba kilichofungwa pamoja na jiko la mkaa, kwa kuwa mkaa hutoa hewa isiyo na harufu ambayo humwua mtu akiwa usingizini, hata haamki kukohoa. Tumbaku iliyokauka nayo isirundikwe katika chumba cha kulala. Najua ni kwa kuogopa wezi. Lakini vumbi lake huwaingia watoto usiku kucha.

Habari za ng'ombe wa plau, mpini wa jembe na mashine ya kukoboa nitazisema kwa ufupi, maana wengi mwazijua. Mama aliyejifunga kanga asisimame karibu na mkanda wa mashine unaozunguka. Jembe likikukata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, usitie udongo wala kinyesi cha ng'ombe, kisha nenda ukachomwe sindano ya pepopunda, kwa kuwa pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na jeraha dogo lenye kina laweza kuua kuliko kubwa lililo wazi. Atembeaye porini kutafuta kuni za bani aache nguo za buluu iliyoiva na nyeusi, maana mbung'o huzipenda rangi hizo, na malale yangali hatari katika mapori yetu ya miombo.

Nyoka nao. Moma hakimbii akusikiapo. Hulala tu katika nyasi au chini ya rundo la majani, nawe ukimkanyaga huuma. Buti na fimbo ya kutikisa nyasi ni bora kuliko hirizi, na usiku usitoke bila taa. Akiisha kuuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, wala usipoteze saa moja kwa jiwe jeusi. Mvue bangili na pete, mlaze, ufunge kiungo kilichoumwa pamoja na kipande cha ubao kisitikisike, kisha achukuliwe hospitali. Asitembee kwa miguu yake ikiwezekana. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2017 kwamba kuumwa na nyoka ni miongoni mwa maradhi yaliyosahauliwa. Wakulima hatukuwa tumesahau.

Na asali je? Watu wa kwetu ni warina asali tangu kale, nao hupanda mti mrefu usiku, mwenge mkononi, wavue mzinga wa gome uliotundikwa juu. Wengi wamevunjika migongo kwa kazi hii, na nyumba zao zimekuwa za kulelewa. Yupo mzee atakayesema kwamba nyuki hawaingii mzinga ulio chini. Wanaingia, mradi mahali pawe patulivu na maji yasiwe mbali. Mzinga wa kisasa hutundikwa kwa waya kimo cha kifua cha mtu, nawe warina ukiwa umesimama ardhini kwa miguu yako miwili, umevaa kofia ya wavu, na moshi uko katika bomba lake wala si mwenge uwezao kuchoma pori. Mti nao hauvuliwi gome. Kwa mambo haya Chuo cha Nyuki kipo hapo hapo Tabora, waulize.

Sasa nirudi kwa yule asemaye, "Mungu ndiye mlinzi, siku yangu ikifika imefika." Sisemi neno la kupunguza imani ya mtu. Lakini Torati yamwamuru ajengaye nyumba yenye dari ya kukaa watu aizungushie ukuta, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Na katika Hadithi za Mtume mwasimuliwa habari ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kufungwa na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Masheikh wa Tabora na mapadre wa Kipalapala wana mengi ya kubishana, lakini katika hili sijasikia ubishi wao.

Kama una vibarua, neno moja zaidi. Vijana wengi huja kwetu kila msimu kutoka pande za Kigoma na kwingineko, wakakaa kwako miezi kadhaa kwa ahadi ya malipo mwisho wa mauzo. Kijana huyo hana baba hapa wa kumtetea, wala hana mke wa kumwuguza. Mara nyingi yeye ndiye apewaye bomba, kwa kuwa mwenye shamba aijua sumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake, wala haisemi kwamba mahali pa kazi ni kiwandani tu. Mpe mipira ile ile ambayo ungevaa wewe, maji ya kuoga na sabuni, na mahali pa kulala pasipokuwa ghala ya sumu. Akiugua, mpeleke, gharama ya zahanati isikatwe katika ujira wake.

Na mtu akiisha kupata sumu ya dawa ya wadudu, utamjua hivi: mate humtoka mengi, jasho na machozi humtiririka, mboni za macho husinyaa zikawa kama nukta, hutapika, misuli hurukaruka, kifua hubana. Mtoe shambani mpaka penye hewa. Mvue nguo zote, hapana kuona haya, umwoshe kwa maji mengi na sabuni, nywele pia na chini ya kucha, nawe mwenyewe ukiwa umevaa mipira. Usimtapishe, usimpe maji ya chumvi wala maziwa. Akiwa hana fahamu mlaze kwa ubavu, asipaliwe na matapishi. Mmoja akimbie kutafuta pikipiki au gari, na mwingine akachukue kile chombo cha sumu pamoja na kibandiko chake, akitie katika mfuko uliofungwa, kiende hospitali pamoja na mgonjwa. Mganga ataisoma sumu ni ya namna gani, naye kwa sumu nyingine anayo dawa yake mkononi. Lakini asipolijua jina atapoteza muda kwa kubahatisha, na mgonjwa wa namna hii hana muda mwingi.